Jua Jekundu la Mwezi wa Tisa

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wazee waliosema hivyo walitutaka tuufunue mkakasi kabla ya kuusifu. Kisa ninachosimulia hapa ni cha kijana aliyeusifu jioni baada ya jioni bila kuufunua. Nimekitunga mwenyewe, lakini kila kipande chake kimetokana na mambo yanayotokea Nyanda za Juu Kusini kila kiangazi. Aliyeishi Mufindi, Kilolo au Njombe ataitambua harufu yake.

Mkoa wa Iringa hauna bahari. Mtu wa Bagamoyo akitaka kupiga picha ya macheo huteremka ufukweni, jua likamtokea majini. Mtu wa Unguja akitaka machweo huenda Forodhani akalisubiri lizame nyuma ya majahazi. Sisi wa huku juu, jua letu huchomoza milimani na kuzama milimani. Pale Iringa mjini vijana hupanda jiwe la Gangilonga jioni, mji wote ukiwa miguuni pao, wakasubiri mwanga wa mwisho. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba hewa huwa kavu na angavu hata vilima vya mbali vikaonekana vimesogea. Ni mahali pazuri pa kulipenda jua.

Kijana wetu alikuwa fundi simu Mafinga. Mchana alifungua na kufunga simu za watu. Jioni alipanda pikipiki akarudi kijijini kwa shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo. Kwa akiba yake alinunua kamera ya mtumba yenye lenzi ndefu, na tangu siku hiyo akawa mtu wa jua. Ilipokaribia saa 12 jioni alikuwa ameshafunga kibanda, yuko juu ya kilima kilicho magharibi mwa shamba la shangazi, kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, lenzi imeelekea machweo. Huku kwetu jua likifika ukingoni halichelewi. Hushuka karibu wima, na tangu linapogusa kilima hadi linapomalizika ni dakika 2 na ushei. Mpiga picha asiyejiandaa huambulia giza.

Shangazi naye alikuwa na hazina yake: ekari 4 za misindano aliyoipanda kwa mikono yake miaka 9 nyuma. Miche aliinunua kidogo kidogo kwa fedha za viazi na maharage ya vinyungu, vile vibustani vya bondeni vinavyolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Kwa wanakijiji wengi wa Mufindi miti ndiyo pensheni. Hakuna mwajiri anayewawekea akiba. Wanapanda, wanapalilia, wanapogolea, wanasubiri. Shangazi alikuwa amekwisha piga hesabu kwamba miti ikifika miaka 15 au zaidi atauza mbao, ajenge nyumba ya tofali za kuchoma na kumsomesha mjukuu wake.

Mwezi wa saba picha za kijana zilikuwa safi, ila hazikuwa na jambo. Jua lilikuwa jeupe lililoingia njano kidogo, kali hadi dakika za mwisho, na anga lilikuwa tupu. Watu walizitazama, wakasema nzuri, wakapita. Mwishoni mwa Agosti mambo yakabadilika. Jua likaanza kuwa na rangi ya chungwa muda mrefu kabla ya kuzama. Mwezi wa tisa ulipoingia likawa jekundu kabisa, duara kamili lenye ukingo uliokatika vizuri, na mtu aliweza kulikodolea macho. Picha zikapata uhai. Alizituma kwa jamaa, jamaa wakazituma kwa wengine. Mtu mmoja wa Dar es Salaam akapiga simu kuuliza ni hifadhi gani hiyo yenye jua la namna ile. Mchapaji wa kalenda mjini akamwambia amletee picha 12, moja kwa kila mwezi.

Jioni moja shangazi alimkuta akipanda kilimani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo tena huko huko?"

"Leo tena, shangazi. Jua kama hili sijapata kuliona."

Shangazi alisimama, akavuta hewa puani. "Jua ni lile lile, baba. Kilichoongezeka ni moshi. Kuna watu wanachoma mashamba huko mashariki, na upepo huu wa kiangazi haulali. Ile barabara yetu ya moto imeota nyasi, upande wa bondeni zimenifika kiunoni. Kesho jioni uje na fyekeo tuimalize."

"Jioni ndiyo saa yenyewe ya jua, shangazi. Tufanye Jumamosi."

Barabara ya moto haipitiwi na gari. Ni ukanda unaozunguka shamba la miti, uliofyekwa na kulimwa mpaka udongo ukabaki mtupu, ili moto ukifika ukose cha kula. Shangazi alikuwa ameusafisha upande wa juu peke yake. Upande wa bondeni ulihitaji mikono miwili zaidi. Jumamosi ikafika, na jua la Jumamosi likawa jekundu kuliko yote yaliyotangulia. Kijana akasema Jumatatu.

Macheo hayakumvutia. Alfajiri ya Mufindi ni baridi na ukungu, na blanketi ni zito. Laiti angeamka hata mara moja akatazama mashariki, angeliona jua likichomoza limeshafunikwa, na moshi umetulia mabondeni, kwa kuwa usiku hewa hupoa na kuulaza chini. Wanawake waliokwenda kuteka maji walisema ukungu wa siku hizo unakwaruza koo. Aliwasikia. Hakuyaunganisha na picha zake.

Siku ya siku ikafika. Saa 12 jioni jua lilikuwa jekundu likiwa bado juu sana ya kilima, na nusu yake ya chini imefifia. Kitu chepesi cha kijivu kikatua kwenye kioo cha lenzi. Akakipangusa kwa kitambaa, akidhani ni vumbi. Kikatua kingine, akapangusa tena. Yalikuwa majivu ya nyasi. Alipiga picha hadi jua likaisha, akabaki palepale kungoja rangi za mwisho za anga, mpaka giza likaanza kuingia.

Alipoinama kukunja miguu ya kamera, aliona kivuli chake kimelala mbele yake, kimeelekea magharibi. Jua lilikuwa limekwisha zama. Mwanga wa kukipa kivuli ungetoka wapi? Akageuka.

Mgongo wote wa kilima cha mashariki ulikuwa unawaka. Jioni zote zile alikuwa amesimama akiutazama moshi uliompita juu ya kichwa, na kuuita machweo, huku moto wenyewe ukisogea nyuma yake. Upepo wa kiangazi huku kwetu huvuma kutoka kusini-mashariki. Moto unaokuja na upepo huo hutanguliza moshi wake magharibi, mbele ya jua linalozama. Anayeshangaa machweo mekundu huwa ameupa mgongo.

Alikimbia. Kijijini yowe lilikuwa limeshapigwa, na watu walikuwa wakiteremka na matawi mabichi, majembe na madebe ya maji. Alimkuta shangazi upande wa bondeni, ameinama, anafyeka nyasi zile zile za kiunoni. Walifyeka pamoja kwa muda mfupi tu, kisha joto likawafukuza. Moto ulirukia ukanda mahali palipokuwa na nyasi na kuingia kwenye misindano. Mti huo una utomvu, na majani yake makavu hujilundika chini mwaka hadi mwaka. Ukishika, huwaka kwa mlio. Upande wa juu, ulikosafishwa, moto ulifika ukasimama, na shamba la jirani likapona. Hakuna aliyekufa. Shangazi aliungua kiganja. Ekari 3 kati ya 4 ziliteketea.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Swali lilikuwa moto ulianza lini na wapi, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Kijana, akiwa ameinamisha kichwa, alisema ana picha. Mzee mmoja mrina asali, aliyezoea moto na moshi maisha yake yote, akamwambia azipange kwa tarehe. Wakazipitia moja moja. Hapa jua jeupe. Hapa limeingia uchungwa, watu wameanza kuchoma mbali. Hapa jekundu. Hapa ukingo wa chini umefifia, moshi umeongezeka na unashuka. Hapa, siku 5 kabla ya msiba, wekundu umeanza mapema kuliko jana yake, na kesho yake umeanza mapema zaidi. Tarehe na saa zilikuwa zimeandikwa na kamera yenyewe.

Mwenyekiti akauliza, "Habari hizi zote ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo, mwenyekiti. Sikujua kwamba ni habari."

Shangazi hakumgombeza. Alisema jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Ulizituma mpaka Dar es Salaam, mwanangu. Sisi wa hapa hukutuonyesha."

Kisa kimeishia hapo, na sasa tuyachambue mafunzo yake, maana kijana huyu hakuwa mvivu wala mbaya. Alikuwa na jicho zuri, subira na mapenzi ya kazi. Alichokosa ni kuuliza uzuri ule umesababishwa na nini.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote. Ukipita hewani, hewa hutawanya buluu zaidi ya mara 4 kuliko nyekundu. Mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1871. Buluu hiyo iliyotawanyika ndiyo inayolipa anga rangi ya mchana. Jioni jua likiwa ukingoni, mwanga wake hulazimika kupita kwenye hewa nyingi, kiasi cha mara 38 ya ile unayopita jua likiwa utosini, na buluu karibu yote hupotelea njiani. Kwa hiyo kila jua linalozama lina haki ya kuwa na rangi ya chungwa. Lakini jua linalokuwa jekundu likiwa bado juu ya kilima, unaloweza kulikodolea bila kufumba, limepita kwenye kitu kingine zaidi ya hewa: moshi, vumbi, au vyote viwili. Huku kwetu, mwezi wa nane hadi wa kumi, mara nyingi ni moshi. Palipo na moshi pana moto, na moto una mahali, una mwelekeo, na una mtu aliyeuwasha.

Mwaka 1883 volkano ya Krakatau, katika nchi tunayoiita leo Indonesia, ililipuka na kurusha chembe juu sana angani. Kwa miezi mingi baadaye machweo yalikuwa mekundu katika sehemu nyingi za dunia. Mwezi Novemba mwaka huo, katika miji ya Poughkeepsie na New Haven huko Marekani, wekundu wa jioni ulikuwa mkali hata wazimamoto wakaitwa, watu wakiamini kuna mji unaoungua. Wale waliona wekundu wakadhani moto, kumbe ni mabaki ya mlipuko wa mbali. Kijana wetu aliona wekundu wa moto akadhani pambo. Kosa la kwanza liliwagharimu wazimamoto safari ya bure. La pili lilimgharimu mama mmoja jasho la miaka 9.

Jijini London, wakati ule ule, mchoraji William Ascroft alikaa kando ya mto Thames, Chelsea, akichora anga jioni baada ya jioni kwa chaki za rangi. Alichora zaidi ya michoro 500. Naye alikuwa mpenzi wa machweo tu, lakini alifanya kazi yake kwa mpangilio, na Royal Society ilipotoa ripoti yake kuhusu Krakatau mwaka 1888, michoro yake ilitumika humo. Ona basi: watu wawili wenye mapenzi ya aina moja, mmoja akaacha ushahidi uliosomwa na wataalamu, mwingine akawa na ushahidi uliosomwa msibani. Kamera ya kijana ilikuwa imefanya nusu ya kazi ya Ascroft yenyewe, kwa kuandika tarehe na saa. Nusu iliyobaki ilikuwa ya mwenye kamera: kuzilinganisha picha za jana na za leo, na kuzionyesha kwa wanaohusika.

Jua jekundu hudanganya kwa njia nyingine pia, na wapenda picha wanapaswa kuijua. Moshi hupunguza mwanga tunaouona, lakini miale ya joto isiyoonekana hupenya kwa wingi kuliko macho yanavyodhani, na lenzi ndefu huikusanya. Anayechungulia jua kupitia kitundu cha kamera ya kioo anaielekeza miale hiyo kwenye utando wa nyuma ya jicho. Utando huo hauna neva za maumivu. Huungua kimya, na mtu huja kugundua saa kadhaa baadaye, anapoona doa katikati ya kila anachotazama. Wengine hupona, wengine hubaki nalo. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na watu wakamiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kulishuhudia, wataalamu walisisitiza miwani maalumu. Onyo lile halikuwa la siku moja. Jioni ya kawaida pia, tumia kioo cha nyuma cha kamera, usilichungulie jua kupitia lenzi, na usiyaamini macho yako kwa sababu tu yamestahimili.

Mwenye hatia ya kwanza katika kisa hiki ni aliyewasha moto na kuuacha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma uoto, na anayechoma shamba saa za upepo bila kuwaambia majirani anacheza na mali za watu wengine. Hilo halimwondolei mpiga picha sehemu yake. Angekuwa na fyekeo mkononi jioni mbili tu, moto ungesimama bondeni kama ulivyosimama upande wa juu. Burudani ni haki ya kila mtu, na jua litazama kesho na keshokutwa. Nyasi za barabara ya moto hazina subira hiyo.

Hasara nayo haifidiwi upesi. Mlingoti ukiungua huweza kuchipua tena kwenye kisiki. Msindano wa huku kwetu ukiungua umekwisha. Unaanza upya na mche. Shangazi alipanda tena mvua zilipofika, kijana akimchimbia mashimo, na miche ile itafikia umri wa kuvunwa yeye akiwa amezeeka na mjukuu akiwa amepita umri wa shule.

Kwa hiyo wewe unayependa macheo na machweo, uwe juu ya Gangilonga, kwenye nguzo za mchanga za Isimila au kwenye kilima cha kijijini kwenu, shika haya. Fyeka barabara ya moto kabla mwezi wa nane haujaingia, ndipo ubebe kamera. Ukifika mahali pako, geuka kwanza utazame nyuma yako, uone upepo unatoka wapi na unaleta nini. Amka mara moja moja upige na macheo, maana alfajiri huonyesha kilicholala mabondeni. Majivu yakitua kwenye lenzi, acha picha, piga simu. Na kila jua likizidi wekundu wa jana, mtafute mwenyekiti au balozi wa nyumba kumi umwonyeshe picha zote mbili. Picha nzuri ya jua ionyeshwe kwanza kwa jirani, ndipo itumwe mbali.